Kinachosagwa Usiku

Anayesaga meno usiku hajisikii. Anayeteseka na sauti ni aliyelala pembeni. Mke wangu aliivumilia miezi kadhaa akidhani ni uchovu utakaopita, na siku aliposema alilieleza jambo lenyewe vizuri kuliko maandishi mengi niliyokuja kuyasoma baadaye: "Baba watoto, unasaga kama mtu anayeburura mtumbwi juu ya mawe." Asubuhi ile nilichukua kioo nikasimama dirishani penye mwanga, nikafungua mdomo. Chonge zangu mbili za juu, ambazo kwa umri wangu zilistahili bado kuwa na ncha, zilikuwa bapa. Zilikutana na za chini sawasawa, kama mbao mbili zilizopigwa randa pamoja.

Tangu hapo nimelifuatilia suala hili kwa kusoma, kwa kuuliza, na mwishowe kwa kujaribu kifaa ambacho watu wa ng'ambo huagiza kwa posta: kinga ya meno ya usiku, iliyotengenezwa kwa kipimo cha meno ya mtu mwenyewe. Maelezo mengi niliyoyakuta yameandikiwa watu ambao daktari wa meno yuko mtaa wa pili na kifurushi huachwa mlangoni. Mtu wa Lindi, wa Kilwa Kivinje au wa Songosongo ana swali jingine. Anataka kujua kama kusaga meno ni jambo la kuhangaikia, na kama ni la kuhangaikia, je, kipande cha plastiki kutoka mbali ndicho dawa yake?

Hapa kwetu hukumu ya kwanza ni minyoo. Mtoto akisaga meno, bibi yake haulizi mara mbili. Kesho yake dawa ya minyoo inatafutwa. Imani hii si ya pwani peke yake, utaikuta bara na utaikuta Asia na Amerika Kusini, na ina mantiki yake. Ile minyoo midogo myeupe inayowasha hutoka usiku kutaga mayai, mtoto hugeukageuka, usingizi wake hukatika. Na usingizi unaokatikakatika, kama nitakavyoeleza, ndio uwanja wa kusaga meno. Lakini tafiti zilizojaribu kuunganisha moja kwa moja minyoo na meno zimetoa majibu yanayopingana. Sisi wa Lindi tuna sababu ya ziada ya kutafakari. Kwa miaka mingi mkoa huu umegawiwa kingatiba ya matende na mabusha, yaani ivermectin pamoja na albendazole, na wanafunzi wa shule za msingi wamepewa dawa za minyoo na kichocho. Albendazole ni hiyo hiyo ambayo bibi angeinunua dukani. Watoto wamemeza, na ninaowajua mimi wapo wanaoendelea kusaga.

Basi mtoto apewe dawa ya minyoo kwa sababu minyoo yenyewe ni mibaya. Asipoacha kusaga, asirudiwe dozi juu ya dozi. Kusaga meno ni jambo la kawaida zaidi utotoni kuliko ukubwani, na watoto wengi huacha wenyewe meno ya utu uzima yanapokamilika.

Nasisitiza hili kwa kuwa tumeshaona hukumu za haraka juu ya kinywa cha mtoto zinavyoweza kuumiza. Kuanzia miaka ya 1980 sehemu nyingi za Tanzania zilikumbwa na imani ya meno ya nailoni, ambayo wengine huyaita meno ya plastiki. Mtoto mchanga akipata homa na kuhara, fizi zake zinatazamwa, uvimbe mweupe wa chonge ambayo haijaota unaonekana, na mtu anaukwangua kwa chombo kisichochemshwa. Homa ilikuwa ya malaria au ya tumbo. Mtoto alibaki na ugonjwa wake, akaongezewa jeraha, na wengine walipoteza maisha. Kusaga meno hakuui mtu, ila kosa la kufikiri ni lile lile, la kuona jambo mdomoni na kuamini kuwa chanzo chake nacho kimo mdomoni.

Madaktari wenyewe walilifanya kosa hilo kwa miongo mingi. Waliamini kwamba mtu husaga kwa sababu meno yake hayakutani vizuri, jino moja limezidi, taya linalitafuta usiku ili kulisawazisha. Kwa imani hiyo watu walisawazishwa meno mazima kwa mashine. Leo ushahidi hauungi mkono nadharia hiyo, na mtu yeyote atakayekwambia akupunguze meno mazima ili uache kusaga, mshukuru na uondoke. Wazee wa Kimakonde waliochonga meno yao yawe na ncha walifanya hivyo kwa kutaka, wakijua jino litabaki hivyo maisha yote. Enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na ndiyo isiyoota tena. Mfupa huunga, ngozi huziba, enameli ikienda imekwenda.

Wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya maana ya jambo hili mwaka 2013, wakairekebisha mwaka 2018. Wanatofautisha mambo mawili. Kuna kubana meno mchana, mtu akiwa macho, mara nyingi kwa mawazo au kwa kuzama katika kazi. Fundi cherehani hubana, dereva hubana, mwanafunzi wa mtihani hubana. Na kuna kusaga usiku, ambako ni kazi ya misuli ya taya wakati wa usingizi. Kwa mtu mwenye afya, walisema, hali hii si ugonjwa, ni mwenendo wa misuli. Kwa mmoja unaweza kumaliza meno, na kwa mwingine usifanye lolote. Hilo lilinituliza, kwa sababu nilishaanza kujiona mgonjwa.

Kinachotokea usiku kinafuata mpangilio. Mtu yumo katika usingizi mwepesi. Ubongo unaamka nusunusu kwa sekunde chache, kuamka ambako mwenyewe hakumbuki. Moyo unakwenda mbio kidogo kwanza, kisha misuli ya taya inaanza kukaza na kuachia, kukaza na kuachia. Yaani meno ni ya mwisho katika msafara. Kinachouanzisha msafara ni usingizi kukatika, na kila kinachokata usingizi kinaweza kuwa mlango wa kusaga.

Uchunguzi uliochapishwa Kanada mwaka 1994 ulikuta watu wazima wanaosaga ni kama asilimia 8, wengi zaidi kati ya vijana na wachache kadiri umri unavyopanda, hadi asilimia 3 kwa waliovuka miaka 60. Mwingine, wa mwaka 2001, uliwahoji watu 13,057 wa Uingereza, Ujerumani na Italia, na ukapata asilimia 8.2 wanaosaga angalau mara moja kwa wiki. Huo wa pili ulitazama pia wanaosaga wana nini kingine, na orodha yake inanigusa kila ninapoisoma: kukoroma sana, kukatika pumzi usingizini, pombe nyingi, sigara, kahawa nyingi, wasiwasi na msongo wa mawazo.

Yasome hayo ukiwa umekaa baraza la Lindi. Muuza kahawa anapita na birika lake baada ya isha, vikombe vidogo vinagonganishwa, kahawa chungu inanywewa na kashata hadi saa nne, saa tano. Ndiyo maongezi yetu, ndiyo magazeti yetu, na sitaki yafe. Lakini kahawa ya saa nne usiku bado imo mwilini saa nane. Ongeza wavuvi wa dagaa wa Kilwa, ambao kazi yao ni usiku na taa, na usingizi wao ni wa mchana kwenye joto na kelele. Ongeza mkulima wa korosho anayengoja malipo ya mnada huku ada za shule hazingoji. Ziko pia dawa: baadhi ya dawa za sonona huleta kusaga meno kama athari ya pembeni, na vichangamsho vinavyotafunwa au kuvutwa navyo hukaza taya. Daktari asipouliza haya yote, akatazama meno peke yake, ameangalia mkia wa msafara tu.

Sasa kinga yenyewe. Wanawake wetu wanapobeba ndoo kichwani huweka kata, kitambaa kilichoviringwa, kati ya ndoo na utosi. Kata haipunguzi hata tone la maji. Ndoo ina uzito ule ule, shingo inafanya kazi ile ile, isipokuwa utosi hauchubuki. Kinga ya meno ni kata ya mdomoni. Inavalishwa juu ya meno ya juu au ya chini, taya likisaga linasaga plastiki, na plastiki ndiyo inayolika. Ukielewa hivyo hutaiomba kazi isiyo yake. Wengi wanaoivaa na kuitupa walitegemea iwaachishe kusaga, na haikufanya hivyo.

Fikra ya kuweka kitu laini kuliko jino kati ya meno ina zaidi ya miaka mia moja. Moritz Karolyi, daktari wa Vienna, aliandika juu ya kusaga meno na kukinga meno mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1907 Marie na Pietkiewicz wa Ufaransa wakaipa hali hiyo jina la kitabibu kutoka neno la Kigiriki la kusaga. Kinga za wakati ule zilifinyangwa kwa mpira uliochanganywa na salfa na kupikwa hadi ukawa mgumu kama pembe. Mpira huo mgumu ulikuwa umeshazoeleka vinywani, kwa kuwa meno ya bandia yalijengwa juu yake tangu miaka ya 1850, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, ulitumika kushikilia taya zilizovunjika.

Hapa nasimama kidogo kwa sababu ya Lindi. Mwishoni mwa karne ya 19, mpira wa porini uliogemwa kwenye mitambaa ya misitu ya Wamwera na ya uwanda wa Makonde ulikuwa moja ya bidhaa kubwa zilizosafirishwa kupitia bandari za Lindi na Kilwa. Kabla yake, kwa karne nyingi, ilikuwa pembe za ndovu, na pembe ya ndovu ni jino: ni jino la mbele la juu lililorefuka. Meno ya bandia ya matajiri wa Ulaya na Marekani yalichongwa kwa pembe za ndovu na za kiboko. Sina njia ya kumfuata bonge moja la mpira kutoka Lindi hadi mdomo wa mtu wa Vienna. Ila pwani hii ilikuwa imeshafika kwenye vinywa vya dunia kabla kifurushi cha kwanza cha kinga hakijashuka hapa.

Katika miaka ya 1930 akriliki ilichukua nafasi ya mpira, na hadi leo kinga ngumu nyingi ni za akriliki au plastiki za jamii hiyo. Ziko pia laini kama raba, na ziko za tabaka mbili, laini ndani na ngumu nje. Mtu angedhani laini ndiyo yenye huruma. Mwaka 1987 jaribio dogo la Marekani liliwavisha watu 10 aina zote mbili kwa zamu na kupima misuli yao usiku. Kinga ngumu ilipunguza kazi ya misuli kwa watu 8. Ile laini iliipunguza kwa mtu 1 tu, na kwa 5 iliiongeza. Watu kumi ni wachache mno kutungia sheria, hata hivyo kila mtu mwenye meno anaelewa kwa nini: ukipewa kitu kinachobonyea mdomoni, unakitafuna.

Kinachofanya biashara ya kuagiza kwa posta iwezekane ni kemia ya kipimo. Zamani daktari alichukua umbo la meno kwa agari, inayotokana na mwani mwekundu na ambayo wakati ule ilitoka hasa Japani. Vita vya Pili vya Dunia vilipokata njia hiyo, aljineti ya mwani wa kahawia ikashika nafasi, na ndiyo ile rojo ya rangirangi inayokorogwa kwa maji ambayo wengi waliotengenezewa meno ya bandia wanaikumbuka. Mwani wanaolima akina mama wa pwani yetu ni mwekundu wa aina nyingine. Hautoi aljineti wala agari, unatoa karajinani, inayotumiwa kuipa dawa ya meno uzito. Kwa hiyo wao pia wamo katika habari hii, asubuhi na jioni, kwenye miswaki mingi. Shida ya aljineti ni kwamba inapoteza maji na kusinyaa, na ndani ya saa moja hivi umbo limeshaanza kudanganya. Huwezi kuituma popote. Silikoni ndiyo iliyobadilisha mambo: ikishaganda hubaki na umbo lake kwa siku nyingi, na inaweza kupanda ndege.

Basi kampuni za ng'ambo hukutumia sanduku lenye visinia viwili vya umbo la meno na vikopo viwili vya silikoni mfano wa unga uliokandwa, kila kimoja na rangi yake. Unakanda rangi mbili hadi ziwe moja, unajaza kisinia, unang'ata, unasubiri dakika chache, unatoa, unarudisha kwa posta. Maabara inamimina jasi ndani ya alama za meno yako, inapata sanamu ya meno, na juu ya sanamu hiyo inatengeneza kinga. Bei yake huko Marekani mara nyingi ni kati ya dola 100 na 200, wakati daktari angetoza mara kadhaa ya hapo. Kwa fedha yetu huo ni mzigo. Katika minada ya kwanza ya korosho ya kusini msimu wa 2024/25 kilo moja ilifika zaidi ya shilingi 4,000, bei ambayo wakulima waliishangilia. Hata kwa bei hiyo, kinga moja ya posta inaweza kula zaidi ya gunia zima, kabla ya nauli.

Mpwa wangu aishiye Ulaya ndiye aliyeniagizia, na sanduku likaja na msafiri. Nilisoma maelekezo mara tatu. Ilikuwa Novemba, saa nane mchana, bati limepamba moto. Nilianza kukanda, na kabla sijajaza kisinia vizuri ule unga ulikuwa umeshaanza kukaza mikononi mwangu. Nilipong'ata nilipata umbo la vidole vyangu zaidi kuliko la meno. Baadaye nilielewa: silikoni huganda upesi zaidi penye joto, na dakika zilizoandikwa kwenye karatasi zilihesabiwa katika chumba cha nyuzi 20 na kitu. Mara ya pili niliviweka vikopo kwenye friji, nikaamka alfajiri, nikapata alama safi hadi kwenye fizi. Jambo jingine ambalo maelekezo yalilisema kwa herufi ndogo: usivae glavu za mpira, kwa maana salfa iliyomo huzuia silikoni kuganda. Mpira wa asili na salfa, vitu vile vile vilivyotengeneza kinga za kwanza, vinaharibu kipimo cha kinga ya leo.

Kisha safari. Kipimo changu kilikwenda na barua, kinga ikarudi baada ya wiki saba. Sikulalamika, kwa kuwa Lindi tunajua njia yetu ni moja. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, mabasi yalikwama na mizigo ikakaa siku kadhaa, na hiyo ilikuwa mizigo ya dawa na chakula. Jambo la kuangalia ni joto la njiani, maana plastiki laini iliyoachwa juu ya boneti au kwenye buti la gari juani inaweza kupinda, na kinga iliyopinda hairudi.

Nilipoivaa ilibana upande wa kulia. Usiku wa tatu niliamka na maumivu chini ya sikio. Kampuni ilikuwa imefanya kazi safi kwa kile ilichopewa, lakini ilipewa meno ya juu peke yake. Haikujua meno yangu ya chini yanapanda wapi. Nikaipeleka kwa daktari wa meno. Alinilaza, akaweka karatasi ya rangi kati ya kinga na meno ya chini, akaniambia ning'ate, niteleze kulia, niteleze kushoto. Alama nzito zilitokea mahali pawili tu. Akapitisha mashine yake pale, akarudia karatasi, akapitisha tena. Haikuchukua nusu saa. Tangu siku ile imekaa mdomoni kama iliyozaliwa humo.

Hiyo nusu saa ndiyo sehemu ambayo posta haiwezi kubeba. Na kabla ya kunisawazishia, alifanya jambo jingine ambalo kampuni haikulifanya. Alitazama magego yangu moja moja kutafuta nyufa na matundu, kwa sababu ukivalisha kinga juu ya jino linalooza umelifunika tu. Akaniuliza, "Mzee, unakoroma?" Nikamwambia mke wangu ndiye wa kuulizwa. Akauliza kama huwa ninashtuka usiku nikitweta, kama nasinzia mchana kazini, kama asubuhi kichwa huniuma.

Nilifikiri anapoteza muda, hadi nilipojua sababu. Katika watu wanaokatika pumzi usingizini, kinga ya kawaida inaweza kuongeza tatizo kwa kuwa inabadili nafasi ya taya na ulimi. Jaribio dogo la Kanada lililochapishwa mwaka 2004 liliwavisha kinga ya juu wagonjwa 10 wa hali hiyo, na kwa nusu yao kukatika kwa pumzi kuliongezeka kwa zaidi ya asilimia 50. Kukatika pumzi usingizini hupandisha shinikizo la damu na huumiza moyo. Mtu huyo huenda anasaga meno kwa sababu mwili wake unamwamsha avute hewa. Ukimpa plastiki aweke mdomoni na kumwambia amepona, umemnyang'anya onyo. Huyu ndiye ninayemhofia zaidi katika biashara ya posta: mwanamume mnene wa makamo, anayekoroma nyumba nzima ikasikia, anayeagiza kinga kwa simu na kuridhika.

Na ushahidi kwa ujumla? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2007 yalikusanya majaribio yaliyokuwepo na kusema kwamba hakuna uthibitisho wa kutosha kuwa kinga inatibu kusaga meno, ingawa huenda ikasaidia meno yasilike. Kata na ndoo tena. Wauzaji wanaoandika "acha kusaga meno leo" wanauza kata kana kwamba inapunguza maji. Tena tumeshaona biashara ya meno ya posta inavyoweza kumwacha mteja njiani: SmileDirectClub ya Marekani, iliyokuwa ikiwanyoosha watu meno kwa vifurushi tangu 2014, iliomba kinga ya kufilisika Septemba 2023 na kufunga kabisa Desemba mwaka huo, wateja wakiwa katikati ya matibabu. Waliokuwa na daktari wa karibu walipata pa kukimbilia.

Sisemi basi watu wasiagize. Mtu mzima mwenye meno mazima, aliyekwisha kutazamwa, asiyekoroma sana, asiye na maumivu ya kiungo cha taya, na mwenye ndugu wa kumtumia, hatakosea. Ambao hawafai ni watoto na vijana ambao meno yanaendelea kuota, wenye meno yanayolegea, wenye meno ya bandia ya kuvua, na kila ambaye taya lake linakwama au linashindwa kufunguka. Na vile vipande vidogo vinavyofunika meno ya mbele tu, ambavyo huuzwa kwa bei nafuu, mimi ningevikwepa kabisa: meno ya nyuma yanayobaki bila mgongano yanaweza kusogea mahali pake, na kitu kidogo mdomoni mwa mtu aliyelala ni hatari ya kukabwa.

Lakini nimeanza kuamini kwamba kwa mkoa wetu jibu bora liko karibu zaidi. Angalia hatua zote za kampuni ya ng'ambo. Kipimo kinaweza kuchukuliwa hapa na tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya au ya mkoa, kwa aljineti ya bei nafuu, kwa sababu hahitaji kuisafirisha. Anahitaji tu kumimina jasi ndani yake muda ule ule. Jasi ikishaganda ni jiwe. Haisinyai, haiharibiwi na joto la basi, inahitaji tu kuviringwa kwa kitambaa isivunjike. Sanamu mbili za meno, ya juu na ya chini, pamoja na kipande cha nta kinachoonyesha zinavyokutana, zinaweza kupanda basi la asubuhi na kufika Dar es Salaam jioni, kilomita zipatazo 450, zikapokelewa na maabara ya meno, na kinga ikarudi kwa basi hilo hilo. Tabibu aliyechukua kipimo ndiye atakayeisawazisha kwa karatasi ya rangi. Hakuna forodha, hakuna dola, hakuna wiki saba.

Jasi yenyewe inachimbwa Kilwa. Malori yanayotoka Makangaga yameibeba kwenda viwanda vya saruji. Unga wa jasi wa madaktari wa meno ni wa kiwango chake, umesafishwa na kuchomwa kwa kipimo, hauchotwi tu machimboni. Hata hivyo ni madini yale yale, na nafurahi kwamba kitu ambacho kingetunza umbo la meno ya watu wa Lindi kimelala chini ya ardhi ya Lindi.

Kwa anayeona hili ni ndoto, Tanzania imeshafanya kubwa kuliko hili. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa chuo cha meno cha Dar es Salaam walianza kuziba meno vijijini bila umeme na bila mashine ya kutoboa, wakiondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kujaza kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Njia hiyo ilitokana na kukosa vifaa, ikapimwa, ikathibitika, na Shirika la Afya Duniani likaisambaza. Leo inatumika hata katika nchi ambazo umeme haukatiki. Kinachohitajika kwa kinga ya meno ni kidogo zaidi ya hapo: tabibu afundishwe kusawazisha, hospitali iwe na aljineti na jasi, na makubaliano yafanyike na maabara moja.

Mimi mwenyewe nimepunguza kahawa. Naendelea kukaa barazani, ila kikombe changu cha mwisho ni kabla ya magharibi, na wenzangu wamezoea. Nalala ubavu. Mke wangu anasema sauti haijakwisha; kuna majuma inapotea, kuna majuma inarudi, hasa karibu na kufungua shule. Anasema sasa inasikika kama kasia linalogusa ubavu wa mtumbwi. Kinga naisugua kila asubuhi kwa mswaki na maji ya baridi, kwa kuwa ya moto huipinda, na naiweka kwenye kopo lenye matundu ipate hewa.

Mwezi uliopita daktari aliniita aitazame. Alikuwa ameweka sanamu ya jasi ya meno yangu aliyoichukua ile siku ya kwanza, imeandikwa tarehe kwa penseli chini yake. Aliiweka kinga kwenye mwanga, tukaona mifereji mitatu upande wa kulia na mmoja wa kushoto, mirefu, laini, kama iliyochorwa kwa ukucha. Kisha akachukua kipimo chake cha chuma, akapima chonge za sanamu, akapima zangu. Zilikuwa sawa.